Tusimkimbize Mtoto Mwenye Chupa ya Gundi



Jumapili moja sisi mafrateri watano wa falsafa tulikuwa kwenye utume katika parokia moja ya mjini, karibu na stendi ya mabasi. Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha, ya pili ilikuwa bado. Waamini walikuwa wanasalimiana uwanjani, na kina mama wa WAWATA wanauza chai na maandazi. Pembeni ya groto ya Bikira Maria alikaa mtoto wa kiume, kwa kukadiria miaka kumi na miwili. Alikuwa amevaa sweta kubwa kuliko mwili wake, na mkono wa sweta ameuweka mdomoni kana kwamba anapasha vidole joto. Ndani ya mkono ule mlikuwa na chupa ndogo ya plastiki yenye gundi ya viatu.

Mlinzi alimwona, akashika fimbo na kumpigia kelele. Mtoto akainuka, akakimbia. Mlinzi akamkimbiza, vijana wawili wakaungana naye, na watu wakacheka. Tuseme ukweli, maana bila ukweli makala hii haina maana: nasi tulicheka. Kabla hajafika getini mtoto akaanguka kifudifudi. Hakuinuka.

Mama mmoja wa kwaya, ambaye ni muuguzi, alitupa mkoba wake chini na kupiga magoti. Alimlaza mtoto ubavu, akatazama kama anapumua, akaamuru watu wasogee hewa ipite. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mahubiri yoyote. Hatimaye mtoto akakohoa, akatapika, akafungua macho. Mama yule alipoinuka hakumtazama mlinzi. Alitutazama sisi.

"Wanangu," alisema, "huyu angekufa hapa. Na asingeuawa na gundi peke yake. Angeuawa na gundi pamoja na hizi mbio zetu."

Wakati ule hatukumwelewa. Baadaye tulimfuata, tukamuuliza, tukasoma. Tuliyojifunza ndiyo tunayotaka kuwashirikisha, kwa sababu tunaamini kwamba katika parokia nyingi za mijini tunafanya kosa hili hili bila kujua, tena tukidhani tunalinda nyumba ya Mungu.

Moyo unaosimama ghafla

Mwaka 1970 daktari Millard Bass wa Marekani alichapisha taarifa ya vifo 110 vya vijana waliokuwa wakivuta mvuke wa kemikali mbalimbali. Vijana hao hawakufa kwa kukosa hewa ndani ya mifuko. Walikufa ghafla, na kadhaa miongoni mwao walikuwa wametoka tu kukimbia, kutumia nguvu nyingi au kupatwa na hofu kubwa.

Maelezo yake ni rahisi kwa mtu yeyote kuyaelewa. Mtu anapoogopa au kukimbia, mwili humwaga adrenalini katika damu ili moyo upige kwa kasi. Kwa kawaida moyo hustahimili. Lakini mvuke wa petroli, wa gundi na wa gesi za makopo huufanya moyo ushtuke kupita kiasi mbele ya adrenalini hiyo. Badala ya kupiga haraka kwa mpangilio, unaanza kutetemeka ovyo na kushindwa kusukuma damu. Jambo hili linaweza kumpata mtu hata siku ya kwanza ya kuvuta. Halisubiri awe mzoefu.

Basi, mtu mzima anayemkurupusha mtoto aliyetoka kuvuta gundi anamwongezea kile hasa ambacho moyo wake hauwezi kukibeba. Mlinzi wetu hakujua. Sisi hatukujua. Wewe unayesoma sasa umejua.

Kinachoingia pamoja na harufu

Gundi ya fundi viatu si kitu kibaya kwa asili yake. Ni mali halali, inauzwa dukani, na bila hiyo viatu vya wengi wetu vingekuwa vimeachana na soli zamani. Kinachoifanya iwe laini ni vimiminika vinavyotokana na mafuta ya petroli, hasa tolueni, na katika gundi nyingine heksani. Tolueni imo pia katika rangi za mafuta, katika thina, na katika petroli yenyewe. Vimiminika hivi hukauka haraka kwa sababu hugeuka mvuke upesi, na mvuke huo ndio anaouvuta mtoto.

Chakula hupita tumboni, kisha kwenye ini ambalo huchuja sehemu ya sumu. Mvuke haupiti njia hiyo ndefu. Kutoka mapafuni unaingia kwenye damu, na baada ya sekunde chache umefika kwenye ubongo. Tena vimiminika hivi ni viyeyusha mafuta, na ubongo wetu una mafuta mengi. Nyuzi za fahamu zimefunikwa kwa utando wa mafuta, kama waya wa umeme unavyofunikwa kwa plastiki. Kwa anayevuta miaka mingi, utando huo huharibika. Ndipo tunapomwona kijana wa stendi akitembea kama mlevi hata asubuhi ambayo hajavuta, mikono ikitetemeka, akisahau alichoambiwa punde, masikio na macho yakipungua nguvu.

Heksani nayo hushambulia mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Miguu hufa ganzi, kisha hukosa nguvu. Japani waliligundua jambo hili katika miaka ya 1960 kwa wafanyakazi wa kutengeneza ndara, watu waliokuwa wakitafuta riziki halali wakiwa wamekaa juu ya ndoo za gundi. Tolueni inaweza kuvuruga figo hata madini ya potasiamu yakapungua mno katika damu, na kijana akaamka hawezi kuinua miguu. Mama mjamzito anayevuta humpitishia mtoto wake sumu hiyo tumboni. Na tusisahau moto: nguo iliyolowa petroli na njiti moja ya kiberiti usiku wa baridi vinatosha kumaliza kila kitu.

Hapa tukiri jambo jingine. Likizo iliyopita tulipaka vanishi mabenchi ya kikanisa chetu. Tulifunga madirisha ili vumbi lisiingie. Baada ya saa mbili vichwa vilikuwa vinagonga, mmoja wetu akawa anacheka hovyo, na tukataniana kwamba tumelewa bila pombe. Jioni tulipata chakula, tukalala kitandani, kesho yake tukasahau. Yule mtoto wa groto anavuta hewa ya namna ile kutwa nzima, na akilala anaiweka chini ya kichwa.

Wapo pia wasiovuta kwa kutaka: fundi viatu, mpaka rangi, fundi magari anayenawa mikono kwa petroli, kijana anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi la pikipiki. Petroli ina benzeni, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy alieleza jinsi saratani hiyo ilivyokuwa imezidi miongoni mwa mafundi viatu wa Istanbul waliotumia gundi yenye benzeni katika vyumba visivyopitisha hewa. Kwa hiyo tunapomtazama mtoto wa stendi kama mtu wa ajabu, tukumbuke kwamba sumu anayovuta inapita pia puani mwa waamini wenzetu wanaoketi benchi la mbele.

Je, mtoto huyu yuko huru?

Tunasoma falsafa, na rafiki zetu hututania kwamba tunajadili mambo ya mawinguni. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuwa wa mawinguni. Alifundisha kwamba roho si abiria aliyepanda ndani ya mwili kama mtu ndani ya basi. Roho na mwili ni mtu mmoja. Tena alitaja jambo ambalo kila muuguzi analijua: kiungo cha mwili kinachosaidia fikra kikijeruhiwa, mtu huzuiwa kuelewa hata mambo aliyokuwa ameyajua kabla. Si kwamba roho imekufa. Chombo chake kimeumizwa.

Tukilishika fundisho hilo sawasawa, tunaona ubaya wa pekee wa sumu hii. Njaa humdhoofisha mtoto, baridi humtesa, lakini mvuke huu unashambulia kiungo kile kile ambacho kwacho angeweza kuamua kuuacha. Kisha sisi tunasimama mbele yake na kusema, "Si aache tu?" Ni sawa na kumvunja mtu mguu halafu kumlaumu kwamba amechelewa kufika.

Kwa nini anavuta? Watafiti waliozungumza na watoto wa mitaani wa Eldoret, Kenya, walipata majibu ambayo hata sisi tumeyasikia stendi: gundi huondoa njaa, huondoa baridi, humfanya mtu asahau, na wenzake wote wanavuta. Mtoto mmoja alituambia kwa lugha yake, "Fadha, chai ni mia tatu na inaisha. Hii ya mia tano nalala nayo." Hatukuwa mapadre, lakini hatukuwa na neno la kumsahihisha.

Kuna atakayesema kwamba tunapunguza uzito wa dhambi. Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha wazi kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni kosa zito kwa sababu yanaharibu afya na uhai. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 1735, inafundisha kwamba lawama ya mtu kwa tendo lake inaweza kupungua, na hata kuondoka, kwa sababu ya ujinga, hofu, kulazimishwa na mazoea. Tusichague namba moja tukafunga kitabu. Na ile namba 2291 haimwachi muuzaji: inawalaumu pia wanaotengeneza na kufanya biashara ya vilevi kwa siri. Mtu mzima anayemwaga gundi kutoka kopo kubwa na kumjazia mtoto chupa, akijua fika kwamba mtoto huyo hana kiatu cha kushona, yuko karibu na lawama hiyo kuliko mtoto.

Sakristani wa Turin

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, padre kijana Yohane Bosko alikuwa sakristia akijiandaa kwa Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mjini Turin. Mvulana yatima, Bartolomeo Garelli, aliingia akatazama tazama. Sakristani akamtaka atumikie Misa. Mvulana akasema hajui. Sakristani akakasirika, akampiga na kumtimua. Don Bosko aliposikia, alimwagiza sakristani huyo huyo akamrudishe mvulana, akisema kwamba ni rafiki yake. Walikuwa hawajawahi kuonana.

Kutokana na mazungumzo yao ya siku ile ilizaliwa kazi ya Don Bosko kwa vijana, ambayo leo imeenea duniani kote pamoja na nchi zetu. Tunaadhimisha sikukuu yake kila tarehe 31 Januari kwa nyimbo na mpira wa miguu. Lakini tujiulize: Jumapili ile kwenye uwanja wa parokia, sisi tulikuwa nani katika hadithi hii? Fimbo alikuwa nayo mlinzi, kicheko kilikuwa chetu, na aliyemwita mtoto arudi alikuwa mama muuguzi.

"Lakini wanaiba simu"

Tunajua pingamizi hili, na si la kupuuzwa. Watoto wa stendi wengine huiba. Wapo waamini walionyang'anywa mikoba, na paroko ana wajibu wa kuwalinda. Mlinzi analipwa mshahara mdogo, na simu ikipotea analaumiwa yeye. Hatumtupii mawe.

Tunachosema ni kwamba kulinda na kukimbiza ni vitu viwili. Mlinzi anaweza kusimama getini. Anaweza kumsogelea mtoto taratibu, akachuchumaa, akamwita kwa sauti ya kawaida, akamwambia akae pale penye hewa. Simu zitakuwa salama vile vile, na mtoto atabaki hai. Fimbo haijawahi kumtoa mtoto kwenye gundi. Humhamishia ukuta wa pili.

Wengine husema, "Tunawapa sadaka, inatosha." Hapa pia tunajishtaki. Wiki moja kabla ya tukio lile, mmoja wetu alimpa mtoto yule yule shilingi mia tano, akaondoka akiwa na amani moyoni. Baadaye tulijua bei ya kujaziwa chupa. Amani ile tuliinunua kwa mapafu yake.

Tufanye nini?

Kwanza, tujue huduma ya kwanza. Ukimkuta mtoto amevuta, usipige kelele, usimnyang'anye chupa kwa nguvu, usimkimbize. Ongea naye polepole, mketishe mahali penye upepo, uzime sigara na moto wowote ulio karibu. Akilegea au kupoteza fahamu mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe, na umwahishe hospitali. Asipopumua, mwenye ujuzi aanze mara moja kumkandamiza kifua huku gari likitafutwa. Na kama mtu amemeza petroli, usimtapishe kwa maziwa wala mafuta, kwa sababu ikipaliwa mapafuni wakati wa kutapika ni hatari zaidi. Mambo haya yanaweza kufundishwa kwa nusu saa katika Jumuiya Ndogo Ndogo na kwa walinzi wote wa parokia. Wauguzi tunao katika kila kwaya.

Pili, sadaka iwe chakula chenye mtu pembeni yake. Sahani ya wali na maharage inayoliwa mkiwa mmekaa pamoja haiwezi kugeuzwa gundi, na inampa mtoto kitu ambacho chupa haimpi: mtu anayemwita kwa jina.

Tatu, tuzungumze na wauzaji. Wengi ni waamini wetu, wanakaa jumuiya zetu. Fundi viatu anayekataa kumjazia mtoto chupa anapoteza shilingi mia tano na kuokoa uhai. Na tukiwa naye, tumwambie pia kuhusu mapafu yake: afungue dirisha, afunike kopo, asitumie kidole kupakia gundi.

Nne, tuamini kwamba jambo hili linaweza kubadilika. Huko Australia, vijiji vingi vya Waaborijini viliteswa kwa miaka mingi na vijana waliovuta petroli. Mwaka 2005 ilianza kusambazwa huko petroli ya namna nyingine, iitwayo Opal, iliyopunguzwa sana vile viambato vinavyolevya. Ilipofika, idadi ya wanaovuta ilishuka sana, hasa pale ambapo vijana walipewa pia michezo, kazi na watu wa kukaa nao. Hatuna Opal. Lakini funzo lake ni letu: waliacha kumwambia kijana peke yake abadilike, wakabadilisha kwanza kile kilichomzunguka.

Na mwili nao husaidia. Anayeacha mapema hupata nafuu. Figo na misuli mara nyingi hurudi, na hata akili hupata ahueni kiasi fulani. Kila mwezi wa kuchelewa, kiasi hicho kinapungua.

Pumzi

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi, kisha akampulizia puani pumzi ya uhai. Pua ndiyo mlango ambao Maandiko yanautaja wa kwanza. Kupitia mlango ule ule mtoto wa stendi anavuta mvuke wa soli za viatu vyetu, ili asahau kwamba hajala.

Jumamosi zilizofuata tulikwenda stendi kumtafuta. Tulibeba ndizi na mkate, na maneno ya kuomba msamaha ambayo tulikuwa tumeyapanga vizuri, kama wanafalsafa. Wenzake walituambia kwamba alidandia lori usiku, hawajui limekwenda wapi. Mmoja wao akatuuliza kama mkate ule tunautoa au tunauuza. Tukakaa chini, tukala nao.

Kama amefika mjini kwenu, huenda Jumapili hii ataketi karibu na groto yenu, amevaa sweta kubwa, mkono mdomoni. Tunawaomba sana: msimkimbize. Mwiteni arudi. Mwambieni ni rafiki yetu.